Kitabu cha zamani, video za saa 60 na "maswali halisi": nijiandae na CCNA kwa kipi?

Habari za kazi, Mshauri,

Najiandaa kufanya mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco cha mitandao ya kompyuta, ule wa namba 200-301, na nimejipa miezi minne. Natoka kazini jioni, kwa hiyo napata kama saa moja na nusu kwa siku, siku sita kwa wiki. Shida yangu si kukosa vya kusomea, ni kuwa navyo vingi mno.

Nina kitabu kinene nilichoachiwa na kaka yangu, ila jaladani kimeandikwa 200-125. Kaka anasema mitandao ni ileile, nisihangaike kununua kingine. Nina kozi ya video ya saa 60. Mwalimu wake anaeleweka, lakini nikifunga kompyuta naona sijabaki na kitu. Mwenzangu kazini naye kanitumia faili la maswali zaidi ya 900, anaapa kwamba ndiyo yanayotoka kwenye mtihani wenyewe. Nimelipitia mara mbili na sasa napata asilimia 90. Kisha nina Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, na mazoezi yaliyokuja na kozi nayafanya na yanakubali.

Lakini nilipojaribu kuunganisha ruta tatu kwa OSPF, itifaki ya ruta kupeana njia, bila kuangalia maelekezo, mbili ziligoma kutambuana. Nikabaki nazitazama, sijui nianzie wapi.

Jambo jingine, Kiingereza nakisoma polepole. Wapo wanaonishauri niachane na vitabu nibaki na video. Sasa kitabu cha kaka kinafaa au hakifai? Nimalize video kwanza au nisome? Na kama kwenye lile faili napata 90, si niko tayari?

Mwenye Mafaili Mengi

*

Ndugu Mwenye Mafaili Mengi,

Hauko tayari bado. Kule kukwama kwa OSPF kunaeleza hali yako kwa ukweli zaidi kuliko ile 90.

Faili la maswali 900 lifute. Kabla mtihani haujaanza utakubali mkataba wa usiri wa Cisco, na anayebainika kutumia maswali yaliyovuja anaweza kufutiwa matokeo na kuzuiwa kufanya mitihani yao. Hata ukiweka kanuni pembeni, faili lenyewe ni chombo kibovu. Maswali ya aina hiyo huandikwa kwa kukumbuka kumbuka, na majibu hujazwa na watu ambao mara nyingi hawakulijua jibu. Neno moja likidondoka kwenye swali, jibu linageuka, nawe unakariri kosa kwa bidii. Ukilipitia mara mbili, ile asilimia 90 inapima jinsi unavyokumbuka sura ya swali: umeuona mchoro wa swichi nne, mkono umeshakwenda kwenye C kabla hujasoma. Utalitambua faili la namna hii hata likija kwa jina jingine: linaahidi kufaulu, linajisifu kwa idadi ya maswali, na halielezi kwa nini jibu ni hilo.

Swali la mazoezi lenye thamani linafanana na hili. Ruta ina njia hizi mbili kwenye jedwali lake:

S 10.1.1.0/24 [1/0] via 192.168.1.1
O 10.1.1.128/25 [110/20] via 192.168.2.1

Pakiti inakwenda 10.1.1.130. Itapita wapi? Aliyekariri namba za AD, yaani kiwango cha ruta kuamini chanzo cha njia, ataruka haraka: njia ya kuandikwa kwa mkono ina 1, OSPF ina 110, na namba ndogo hushinda, basi ni ya kwanza. Amekosa. Pakiti itapita 192.168.2.1, kwa kuwa ruta ikishakuwa na njia kwenye jedwali huchagua yenye prefiksi (sehemu ya anwani inayotaja mtandao) ndefu zaidi inayoifunika anwani hiyo, na /25 ni ndefu kuliko /24. AD inafanya kazi mapema zaidi, pale vyanzo viwili vinapoleta prefiksi ileile na lazima njia moja iingie jedwalini. Benki nzuri ya maswali itakueleza hayo yote, pamoja na sababu ya jibu baya kuvutia. Kabla hujalipia yoyote, fungua maswali yake matano ya sampuli usome maelezo peke yake. Yakiishia "jibu sahihi ni B", achana nayo.

Kuna hati moja hukuitaja kabisa, nayo ndiyo ya kuanza nayo: orodha ya mada za mtihani inayotolewa bure na Cisco yenyewe. Ni kurasa chache tu. Toleo la v1.1 la 200-301 lilianza kutumika Agosti 20, 2024. Kabla ya kununua chochote ingia kwenye tovuti yao uhakikishe ni toleo gani litakalokuwa linatumika siku yako ya mtihani. Orodha hiyo inakupa uzito wa kila sehemu: misingi ya mitandao asilimia 20, mambo ya swichi na Wi-Fi 20, yaani VLAN (kugawa swichi katika mitandao kadhaa), tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi), STP (kuzuia data isizunguke bila mwisho) na EtherChannel (viungo kadhaa kuwa kimoja), uelekezaji wa IP 25, huduma za IP 10, usalama 15, otomesheni 10. Soma pia vitenzi vyake, maana ndivyo vinavyokuambia kila mada inataka nyenzo gani. Mada iliyoandikwa "configure and verify" inadai mikono: lazima uijenge na kuihakiki kwa amri. Iliyoandikwa "describe", "explain" au "compare" inadai uelewa na maneno sahihi, na sura moja ya kitabu pamoja na kadi chache zitaitosheleza. OSPFv2 ya eria moja, NAT (kubadilisha anwani za IP), ACL (orodha za kuruhusu na kuzuia pakiti), DHCP snooping (kuzuia seva bandia zinazogawa anwani) na usalama wa milango ya swichi ziko kundi la kwanza. SNMP (kufuatilia vifaa), QoS (kupanga kipaumbele cha pakiti) na itifaki za ruta ya akiba kama HSRP ziko la pili. Wengi hupoteza wiki kusanidi HSRP kwa kila namna huku hawajawahi kuwasha DHCP snooping hata mara moja, kwa sababu tu kozi waliyoifuata iliipenda HSRP.

Chapisha orodha hiyo. Kila nyenzo utakayoishika ijibu swali moja: inafunika mstari upi?

Kitabu cha kaka yako hakitapita kipimo hicho. Mtihani wa 200-125 uliondolewa Februari 2020. Ni kweli kwamba sura za tabaka za mtandao, kugawa sabneti (mitandao midogo ndani ya mkubwa), VLAN, tranki, ACL na NAT bado zina faida, na mazoezi yake ya sabneti unaweza kuyamaliza yote. Lakini kitakulisha itifaki za EIGRP, RIP na PPP ambazo hutaulizwa kuzisanidi, na kwa upande wa pili hakitakufundisha ipasavyo kontrola za Wi-Fi, Dynamic ARP Inspection (ulinzi dhidi ya ARP za uongo), API za REST (njia ya programu kuongea na vifaa) wala kusoma data ya JSON. Ubaya wa kitabu cha zamani hauko kwenye kurasa zilizozidi, kwani hizo unaweza kuziruka. Uko kwenye zile zisizokuwepo, ambazo huwezi kujua kwamba hazipo. Kaka yako mwambie asante, kitabu kibaki mezani kama daftari la mazoezi.

Ukitafuta kingine usiridhike kuona 200-301 jaladani, kwani vipo vya mwaka 2019 na 2020 vyenye namba hiyohiyo. Fungua faharasa utafute Terraform, zana ya otomesheni. Toleo la awali la mtihani lilitaja Puppet, Chef na Ansible, na v1.1 imebakisha Ansible na kuleta Terraform. Isipokuwepo, kitabu ni cha awali. Kisha nenda sura ya DHCP snooping uone kama inaonyesha amri za kusanidi na matokeo ya amri za kuhakiki kwa pamoja. Kitabu kinachotoa amri tupu bila matokeo yake hakikuandai kwa mtihani unaokuwekea matokeo na kukuuliza kosa liko wapi. Na ukishakinunua, ingia kwenye tovuti ya mchapishaji uchukue orodha ya masahihisho. Vitabu vya fani hii havikosi makosa ya uchapaji, na tarakimu moja iliyokosewa kwenye maski inaweza kukupotezea jioni nzima ukidhani wewe ndiye huelewi.

Kuhusu video au kitabu, tupige hesabu. Saa moja na nusu kwa siku sita ni saa 9 kwa wiki. Miezi minne ni kama wiki 17, kwa hiyo una saa 150 hivi. Video ya saa 60 ukiisimamisha na kuandika hugeuka 80 au 90. Ukisoma na kitabu kizima juu yake, muda umekwisha na ruta hujaigusa. Huwezi kuvimaliza vyote viwili, na wala huhitaji. Chagua kimoja kiwe uti wa mgongo, kingine ukiite pale unapokwama.

Kwako wewe uti wa mgongo uwe kitabu, na hapa natofautiana na wanaokushauri. Kusoma polepole ndiyo sababu ya kusoma, si ya kukwepa. Mtihani wa CCNA ni wa kusoma: dakika 120, maelezo marefu, michoro, matokeo ya amri, na ukishajibu swali huruhusiwi kulirudia. Msomaji wa polepole aliyejiandaa kwa kusikiliza atauona mwendo huo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe. Video itazame kwa vipande, kwa mfano jinsi STP inavyochagua swichi kuu na kuifunga milango, maana mwendo ule kwenye karatasi hauonekani vizuri. Kila kipande kikiisha, funga na uchore ulichoelewa bila kuangalia. Kama karatasi imebaki tupu, hujajifunza, umetazama tu.

Gawa zile saa 150 hivi: kama 60 za kusoma na vipande vya video, 60 za maabara, 30 za maswali na kusahihisha makosa.

Maabara ndiyo inayokudai zaidi. Packet Tracer inatosha kwa sehemu kubwa ya CCNA, hata kontrola ya Wi-Fi imo, na mtihani una mada ya kusanidi mtandao wa Wi-Fi wenye nenosiri (WLAN ya WPA2 PSK) kupitia kurasa za kontrola. Kumbuka tu kwamba ni kiigizi: baadhi ya amri za IOS halisi, mfumo unaoendesha vifaa vya Cisco, hazimo, kwa hiyo amri ikikataliwa bonyeza ? kabla hujajilaumu. GNS3, kiigizi kingine, ina nguvu zaidi lakini haiji na IOS ndani yake, inabidi upate faili za IOS kwa leseni. Kwa muda ulio nao itakumeza ukihangaika na usakinishaji.

Shida iko kwenye jinsi unavyoitumia. Zoezi linalokutajia kila amri linapima uwezo wa kunakili. Kila zoezi lifanye raundi tatu: kwanza na maelekezo, siku mbili tatu baadaye kwenye ukurasa mtupu, ukiwa na mchoro na anwani za IP tu, kisha liharibu kwa makusudi na ulitengeneze kwa amri za show peke yake, bila kufungua show running-config. Katazo hilo la mwisho lina sababu: unapofungua usanidi wote macho hutafuta mstari unaoonekana mgeni, lakini swali la mtihani likikupa matokeo ya amri moja au mbili tu, hutakuwa na pa kukimbilia.

Zile ruta zako mbili zilizogoma zichukue kama zoezi la kwanza, na ufuate mpangilio huu. Anza na show ip interface brief: viunganishi vyote viwili viko up/up, na anwani ziko sabneti moja? Piga ping kwa jirani. Ikifika, show ip ospf interface: kiunganishi kimeingia kwenye OSPF kweli? Kama hakimo, kagua mstari wa network, huenda maski ya kinyume haiifuniki anwani yako. Kama kimo, linganisha pande mbili: namba ya eria, vipindi vya Hello (salamu kwa jirani) na Dead (muda wa kungoja kabla ya kumhesabu jirani amepotea), ambavyo kwenye Ethernet huwa sekunde 10 na 40 usipovigusa, na maski ya kiunganishi. Kisha show ip protocols uone kama kiunganishi kimewekwa passive, kwani hapo Hello haitoki na ujirani hauwezi kutokea. Hakikisha ruta mbili hazina router ID (namba ya utambulisho) moja. Ukiona kwenye show ip ospf neighbor jirani yupo lakini amenasa hatua ya EXSTART, tazama MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) za pande mbili. Vunja kimoja baada ya kingine, uone kila kosa linaacha alama gani.

Fanya hivyo kwa mada nyingine za "configure and verify". EtherChannel ya LACP (itifaki ya kuiunda) yenye passive pande zote haitaundwa, kwa kuwa kila upande unasubiri mwenzake aanze. SSH (kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali kwa usalama) itakataa kutengeneza ufunguo kama hujabadilisha jina la ruta na kuweka ip domain-name, na toleo la 2 linataka ufunguo wa biti 768 kwenda juu. NAT iliyosahau ip nat inside kwenye kiunganishi kimoja inaonekana sawa kabisa mpaka upige show ip nat translations ukute patupu. Na ukiwasha DHCP snooping kompyuta zikaacha kupata anwani, mara nyingi mlango unaoelekea kwenye seva haujawekwa trust. Kama umewekwa na bado hazipati, shaka Option 82, taarifa ya mlango ombi lilikotoka: swichi huichomeka kwenye ombi la DHCP, na ruta ya Cisco inayogawa anwani hulitupa ombi hilo kwa kuwa sehemu ya giaddr (anwani ya ruta iliyopitisha ombi) ni 0.0.0.0. Dawa yake ni no ip dhcp snooping information option kwenye swichi. Hili la mwisho vitabu vingi hulipitia kwa mstari mmoja, na ndilo linalowatoa watu jasho.

Kadi za kukariri ziwe za mambo yasiyo na njia nyingine: namba za milango, AD, vipindi vya Hello, amri ipi inaonyesha nini. Anki, programu ya kadi, inatosha. Kadi moja ibebe jambo moja. Sabneti usiziwekee kadi, zifanyie hesabu kumi kila siku mpaka /27 ikuletee 32 na anwani 30 za vifaa bila kalamu.

Mitihani ya majaribio nunua seti moja nzuri, ikiwezekana yenye mitihani mizima miwili au zaidi. Mmoja usiuguse mpaka wiki mbili za mwisho. Unapofanya maswali, andika kila kosa na chanzo chake: sikujua, nilisoma vibaya, nilikosea hesabu, au nilibahatisha. Jibu ulilopata kwa kubahatisha liingie kwenye makosa pia. Safu ya "nilisoma vibaya" ikijaa, dawa si kusoma mada zaidi, ni kuzoea kusoma sentensi ya mwisho ya swali kwanza, kisha mchoro, kisha maelezo. Cisco haitangazi alama ya kufaulu, kwa hiyo usihangaike na namba zinazozungushwa mitandaoni. Ningekutaka upate 85 kwenye mtihani mzima ambao hujawahi kuuona, bila sehemu yoyote kushuka chini ya 75, ndani ya dakika 120 na bila kurudi nyuma.

Usilipie mtihani kwa kuwa miezi minne imefika. Ukifeli unalazimika kusubiri siku 5 kabla ya kurudia, na ada unalipa upya. Lipia siku utakayoweza kuketi mbele ya Packet Tracer tupu, ukajenga ndani ya dakika 45 swichi mbili zenye VLAN tatu na tranki ya LACP, ruta mbili zinazoongea OSPF, DHCP kupitia ip helper-address, NAT ya kutokea nje na SSH ya kuingilia, kisha kila kipande ukakihakiki kwa amri yake ya show bila kufungua kitabu.